Umeme Uliopita Juu ya Vijiji: Historia Fupi ya Laini ya Inga–Shaba

Msafiri atokaye Kolwezi kuelekea kaskazini-magharibi huona minara ya chuma ikifuatana hadi upeo wa macho. Inabeba umeme mwingi mno. Lakini vijijini chini yake, jua likitua, watu huwasha taa za mafuta. Makala haya yanauliza ni kwa nini nguvu hiyo ilipita juu ya vichwa vyao bila kuteremka.

Katanga haikukosa umeme wake. Kampuni ya Union Minière ilikwisha kuzindua kituo cha Mwadingusha, katika mto Lufira, mwaka 1930, na katika miaka ya 1950 vikafuata Koni, Nzilo na Nseke. Hata hivyo, baada ya Inga ya kwanza kuanza kazi mwaka 1972, ikiwa na megawati 351, serikali ya Zaire iliazimia kuupeleka umeme wa huko hadi Kolwezi, mwendo wa kilometa 1,700 hivi. Sababu iliyotangazwa ilikuwa mahitaji ya migodi ya shaba. Wachunguzi wengi wameongeza ya pili: jimbo lililojitenga kuanzia 1960 hadi 1963 lingetegemea mtambo ulio mbali nalo, karibu na mji mkuu.

Ulichaguliwa mkondo mnyoofu, ambao hupoteza nguvu kidogo katika safari ndefu. Lakini kuuchota njiani kunahitaji kituo cha kuugeuza, na kituo hicho ni ghali. Vilijengwa viwili tu: kimoja Inga, kingine Kolwezi. Kwa hiyo giza la vijiji halikutokana na bahati mbaya. Lilikuwamo ndani ya ramani tangu mwanzo.

Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, kazi ikiwa bado inaendelea. Laini ilipokamilika mwaka 1982, pamoja na Inga ya pili yenye megawati 1,424, migodi haikuhitaji tena umeme kwa kiasi kilichotarajiwa. Deni, lakini, lilibaki kuwa la taifa zima, wakiwamo wale walioishi chini ya minara.

Mipango ya kuipanua Inga imezungumzwa kwa miaka mingi. Historia hii inatufundisha kutouliza tu umeme utatoka wapi na kufika wapi, bali pia utawashukia akina nani njiani.