Kutoka Mzimu hadi Mzuka: Simba wa Tsavo na Hadhira ya Buruburu

Utangulizi

Filamu ya The Ghost and the Darkness, iliyotolewa na kampuni ya Paramount mwezi wa Oktoba 1996, inasimulia kisa ambacho Wakenya wengi hukisikia tangu utotoni: simba wawili waliowashambulia na kuwaua wajenzi wa reli penye Mto Tsavo kati ya Machi na Desemba 1898. Iliongozwa na Stephen Hopkins, na mswada wake uliandikwa na William Goldman. Tangu mwanzo filamu inajitangaza kuwa hadithi ya kweli. Hata hivyo, inawasawiri simba hao kama viumbe waliovuka mipaka ya maumbile, wasionaswa na mtego na wanaoua kwa ajili ya starehe ya kuua.

Filamu ya aina hii inapojadiliwa, swali linaloulizwa mara nyingi ni moja: je, mambo yalitokea hivyo? Swali hilo ni halali, lakini halitoshi. Makala haya yanashikilia kwamba kosa la filamu si kuingiza mambo ya kiajabu katika historia, kwa kuwa mambo hayo yalikuwamo tangu mwaka 1898. Kosa lake ni kuugeuza mzimu kuwa mzuka. Katika Kiswahili maneno haya mawili hayana uzito mmoja. Mzimu ni roho ya marehemu ambayo bado ina mahali pake, jamaa zake na madai yake kwa walio hai. Hutambikiwa na husikilizwa. Mzuka hutokea ghafla, hutisha, kisha hutoweka. Hauna ukoo wala dai. Tofauti hii ndiyo itakayotumiwa hapa kuchunguza namna hadhira inayoishi kando ya reli hiyo hiyo inavyoweza kuipokea filamu.

Mahali pa Kutazamia

Hans Robert Jauss, mhakiki wa Ujerumani, alifundisha kwamba kila hadhira huiendea kazi ya sanaa ikiwa na upeo wake wa matarajio, uliojengwa na kazi ilizozifahamu kabla na maisha iliyoyaishi. Stuart Hall, naye, alionyesha mwaka 1973 kwamba mtazamaji halazimiki kuupokea ujumbe kama ulivyokusudiwa na waliouunda. Anaweza kuukubali, kujadiliana nao au kuupinga. Kwa mintarafu hii, hadhira ya Buruburu haichukuliwi hapa kama kundi la watu waliohojiwa, bali kama nafasi ya kihistoria ambayo filamu hutazamwa kutoka kwayo.

Nafasi hiyo ina sifa zake. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kuanzia mwaka 1973, ikawa na nyumba karibu 5,000 zilizouzwa kwa mikopo kwa Waafrika wa tabaka la kati: walimu, makarani, watumishi wa serikali na wa benki. Lakini mtaa huu mpya uliwekwa katikati ya historia ya zamani zaidi. Kituo cha reli cha Makadara kiko jirani. Matatu ya njia namba 58 inayotoka Buruburu kwenda mjini hupita Barabara ya Jogoo, ikaukaribia mtaa wa Makongeni uliojengewa wafanyakazi wa reli, kisha ikaingia Barabara ya Landhies, ambayo jina lake linahifadhi neno landhi, yaani makazi ya vibarua wa reli pale Muthurwa. Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli iliyokuwa imepita Tsavo mwaka uliotangulia. Hivyo, mkazi wa Buruburu anapoitazama filamu hii anatazama hadithi ya asili ya mji wake.

Namna ya kutazama nayo ina umuhimu. Katika miaka ya 1990 kanda ya video iliihamisha filamu kutoka majumba ya sinema ya mjini hadi sebuleni na katika vibanda vya mitaa ya Eastlands. Humo hadhira haikai kimya. Huonya, hucheka, hubishana na hutabiri. Baadaye utaratibu huo ulipata fanani wake rasmi: wasimulizi kama DJ Afro nchini Kenya, na Lufufu nchini Tanzania, waliojenga sanaa ya kuisimulia upya filamu ya kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti yake ya asili. Uhusiano wa fanani na hadhira unaojulikana katika fasihi simulizi haukufa mbele ya runinga. Ulipata uwanja mwingine.

Hadhira ya Kwanza

Hadhira ya kwanza ya kisa hiki ilikuwa wajenzi wenyewe. John Henry Patterson, mhandisi Mwingereza aliyesimamia ujenzi wa daraja na ndiye aliyewaua simba hao tarehe 9 na 29 Desemba 1898, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1907 kwamba vibarua hawakuamini kuwa walikabiliana na wanyama wa kawaida. Walisema, kwa maelezo yake, kwamba hao walikuwa roho za machifu wawili waliokufa, waliochukua umbo la simba ili kupinga reli kupitishwa katika nchi yao.

Patterson aliyaripoti maneno hayo kama ushirikina. Lakini yakisomwa kama matini, yana muundo kamili wa hoja. Yana mdai, yaani machifu. Yana dai, yaani ardhi. Yana mdaiwa, yaani reli. Na yana adhabu. Huo ni mzimu kwa maana yake halisi. Inafaa kukumbuka pia kwamba hadhira hiyo haikuishia kwenye kuamini. Mwanzoni mwa Desemba 1898 mamia ya vibarua walijilaza relini, wakalisimamisha gari moshi, wakapanda na kuondoka. Kazi ya daraja ilikwama kwa muda wa wiki tatu. Watu walioletwa kutoka India kwa mkataba walivunja mkataba huo kwa kutumia lugha ya roho, na lugha hiyo ilieleweka.

Kilichobaki katika Filamu

Goldman aliujua urithi huu. Katika filamu, Samuel, msimamizi Mwafrika anayechezwa na John Kani, anamweleza Patterson kwamba wapo wanaosema simba hao ni roho za waganga waliokufa, na wengine kwamba ni shetani aliyetumwa kuwazuia wazungu wasiimiliki dunia. Kwa sekunde chache dai la mwaka 1898 linasikika. Kisha linaachwa. Hakuna mhusika anayelirudia wala kulipima, na hakuna tukio linalotokana nalo. Kuanzia hapo simba wanakuwa uovu mtupu, usio na sababu wala madai.

Mandhari ya pango ndiyo ushahidi mkubwa wa badiliko hilo. Patterson, Samuel na mwindaji Remington wanaingia katika pango lililojaa mifupa ya binadamu, na hitimisho lao ni kwamba simba hao huua kwa kufurahia. Patterson wa historia aliandika kweli kwamba aliliona pango lenye mifupa. Lakini watafiti waliolifikia tena mwaka 1997 walitilia shaka dai la kuwa lilikuwa maskani ya simba, na wakataja uwezekano wa kuwa mahali pa maziko. Shaka hiyo ina uzito, maana Wataita, ambao nchi yao inapakana na Tsavo, walikuwa na desturi ya kuyahifadhi mafuvu ya wazee wao katika mapango ya miamba. Kwa hiyo, kile ambacho kamera inakionyesha kama karamu ya mashetani huenda ni kumbukumbu ya ukoo wa watu. Palipokuwa na uwezekano wa mzimu, filamu imeweka mzuka.

Si mara ya kwanza kwa kisa hiki kutumiwa hivyo. Bwana Devil ya Arch Oboler, filamu ndefu ya kwanza ya Marekani ya rangi iliyotumia mbinu ya kuonyesha picha zenye kina, ilizinduliwa Marekani tarehe 26 Novemba 1952. Picha mashuhuri ya watazamaji waliovaa miwani maalumu ilipigwa katika uzinduzi huo huko Hollywood. Wiki tano kabla, tarehe 20 Oktoba, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa nchini Kenya, na suala lililokuwa kiini chake lilikuwa ardhi. Watazamaji wa Hollywood walimkwepa simba wa Kenya aliyewarukia kutoka kwenye pazia, wakati dai alilokuwa amepewa simba huyo mwaka 1898 lilikuwa likipiganiwa upya na watu.

Stelingi na Wasio na Majina

Wapenzi wa filamu katika Afrika Mashariki wana kanuni yao ya kuhakiki: stelingi hafi. Kanuni hiyo ni sehemu ya upeo wao wa matarajio, na filamu hii inaichezea. Remington, anayechezwa na Michael Douglas, nyota mkubwa kuliko wote humo, anauawa na simba wa pili kabla ya mwisho. Remington hakuwahi kuwapo katika historia; alibuniwa. Goldman mwenyewe alilalamika baadaye kwamba kupanuliwa kwa nafasi ya mhusika huyo kuliiharibu siri aliyokusudia kumpa.

Uzito wa jambo hili unaonekana linapolinganishwa na vifo vingine. Mzungu wa kubuni anapewa jina, historia, mazishi na majonzi. Ungan Singh, jemadari wa Kihindi aliyeburutwa kutoka hemani mwaka 1898 na ambaye Patterson anamtaja kwa jina, hana nafasi katika filamu. Mahali pake pamewekwa Mahina, mhusika anayechezwa na Henry Cele, aliyekuwa Shaka katika mfululizo wa mwaka 1986. Waliobaki hufa kwa makundi.

Hapa filamu haikosani na historia iliyoandikwa; inairithi. Patterson alihesabu Wahindi 28 waliouawa na simba, akaongeza kwamba Waafrika waliouawa hawakuwekewa kumbukumbu rasmi. Baadaye alidai idadi ya 135. Uchunguzi wa kikemia wa mabaki ya simba hao uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria waliolikwa kuwa 35 hivi. Nao watu wapatao 32,000 walioletwa kutoka India kuijenga reli, takriban 2,500 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi na ajali. Kwa kila kibarua wa Kihindi aliyeuawa na simba katika hesabu ya Patterson, zaidi ya 80 waliuawa na kazi yenyewe. Simba ndio walioingia katika sinema.

Kuna kinaya katika uteuzi wa John Kani. Pamoja na Athol Fugard na Winston Ntshona, alitunga mwaka 1972 tamthilia ya Sizwe Bansi Is Dead, kuhusu mtu anayelazimika kulichukua jina la marehemu ili aruhusiwe kufanya kazi. Msanii aliyeuchambua ubatili wa jina la kibarua chini ya utawala wa kikaburu amepewa hapa kazi ya kuwasimulia vibarua wasio na majina. Naye ndiye anayefunga filamu kwa kumwambia mtazamaji kwamba, akitaka kuwaona simba hao, sharti aende Marekani, katika makumbusho ya Field mjini Chicago. Maelezo hayo ni sahihi: Patterson aliiuzia makumbusho hiyo ngozi na mafuvu mwaka 1924 kwa dola 5,000. Lakini kwa hadhira ya Buruburu, sentensi hiyo inafichua ni nani aliyekuwa akisemeshwa muda wote. Sauti ya Mwafrika inamwelekeza msikilizaji ng'ambo ili akione kilichotokea takriban kilomita 300 kutoka Makadara, kwenye reli hiyo hiyo.

Nyoka wa Chuma

Hadhira hii haiji mikono mitupu. Masimulizi ya jamii nyingi za Kenya yana ajabu yake kuhusu reli: Wakamba humtaja Syokimau, Wagikuyu humtaja Mugo wa Kibiro, na Wanandi humtaja Kimnyole, kila mmoja akisemekana kutabiri kuja kwa nyoka wa chuma. Katika bunilizi hizo kiumbe cha kutisha si simba. Ni gari moshi. Wanandi walipigana na reli hiyo hadi Koitalel Samoei alipouawa mwaka 1905.

Ni muhimu kulizingatia pinduko hilo. Filamu inamweka mtazamaji ndani ya kambi, akiitetea reli dhidi ya kiza kilichoko nje. Masimulizi yanamweka nje, akimtazama nyoka akija. Mkazi wa Buruburu anazo nafasi zote mbili. Mji wake ni mtoto wa reli, na asingekuwapo pale bila hiyo. Wakati huo huo amerithi utabiri uliomwonya juu yake. Jina la Syokimau lilipowekwa kwenye kituo cha reli kilichofunguliwa mwaka 2012, mtabiri na nyoka wake viliunganishwa katika tiketi moja. Mtazamaji wa namna hii anaweza kumwogopa simba katika dakika moja na kumwelewa katika dakika inayofuata. Hiyo si dalili ya kutoielewa filamu. Ni kuisoma pamoja na matini iliyoiacha nje.

Hitimisho

Imebainishwa kwamba ukweli wa filamu ya kihistoria haupimwi kwa tarehe na manyoya peke yake, ingawa simba wa Tsavo hawakuwa na manyoya ya shingoni waliyopewa na filamu. Unapimwa pia kwa kuuliza ajabu iliyomo inamtumikia nani. Wajenzi wa mwaka 1898 walikuwa na ajabu iliyouliza swali la ardhi na la kazi. Filamu ya mwaka 1996 iliichukua hofu ikaliacha swali. Wajibu wa fanani wa mitaani, na wa mhakiki wa chuoni, unakutana hapo: kulirudisha swali katika kisa. Reli ingalipo, majina ya mitaa yangalipo, na Waafrika waliouawa Tsavo bila kuandikwa bado hawajahesabiwa na yeyote.