Namba ya Kichwani

Ukifungua picha ya GIF kwa programu ya kuandikia, utakutana na takataka tupu, ila herufi sita za mwanzo zinasomeka: GIF87a au GIF89a. Kampuni ya CompuServe ya Marekani ilitoa muundo huo 1987, ikauongezea mambo 1989, na kila faili likatembea na mwaka wake usoni.

Mimi desturi hiyo niliipuuza. Niliwaandikia kina mama wa kikoba chetu programu ya simu: kila mwanachama mstari wake, kwanza hisa, kisha mkopo, zimetenganishwa kwa mkato. Toleo la pili nikapachika faini katikati. Mweka hazina akasasisha Jumamosi asubuhi, kikao saa nane mchana. Programu mpya ikasoma faili la zamani kana kwamba ni la kwake, na mama mmoja muuza genge akasomewa faini ya laki tatu mbele ya watu. Ulikuwa mkopo wake. Likatolewa daftari la karatasi, na juu ya jalada, kwa kalamu ya wino, mweka hazina alikuwa ameandika “Mzunguko wa 3, kuna faini”. Darasa la saba yule, na alinizidi.

Dawa ilikuwemo ndani ya simu ileile. D. Richard Hipp alianza kuunda hifadhidata ya SQLite mwaka 2000, akitokea kwenye kazi ya programu ya manowari ya Marekani. Toleo la 3, la 2004, lilibadilisha muundo wa faili kiasi kwamba toleo la 2 haliwezi kulisoma. Ndiyo maana mafaili yake hufunguka kwa maneno “SQLite format 3”. Kichwa cha faili kina baiti 100. Kuanzia nafasi ya 60, baiti nne huitwa user_version, na SQLite yenyewe haizitumii kabisa: zimeachwa kwa ajili yetu, tuweke namba ya toleo letu, zikianza na sifuri.

Android ilipotoka 2008, ilikuja na SQLiteOpenHelper, bawabu anayelinganisha namba hiyo na ya programu yako. Ya faili ikiwa ndogo lakini si sifuri, anaita onUpgrade na kukukabidhi zote mbili. Simu ikizima katikati ya kazi, faili hubaki lilivyokuwa.

Kosa ninaloliona kwa vijana ni kuandika hatua moja tu, kutoka toleo la jana kwenda la leo. Mwenye bando la kubana hasasishi kila wiki. Ataruka kutoka la 2 hadi la 6. Kwa hiyo mpandishe ngazi kwa ngazi, wala usifute ngazi ya zamani.

Daftari letu la simu sasa ni toleo la 7. Lile faili la mikato nalihesabu sifuri, na ngazi yake bado ipo. Mwezi uliopita simu moja ya Sengerema iliipanda.