Sanduku la kompyuta: vipimo, bei na namna ya kuchagua

Wakati wa kununua kompyuta ya mezani, wengi wanauliza kwanza nguvu ya mashine na ukubwa wa diski. Sanduku wanaliona kama nguo tu. Lakini hapa Lubutu, ambako vipuri vinafika kwa barabara ya RN3, toka Kisangani ao Bukavu, sanduku ndilo linaamua kama mashine itatengenezwa ao itatupwa.

Vipimo

Sanduku linafuata ukubwa wa kadi-mama. ATX, iliyotolewa na Intel mwaka 1995, iko na milimita 305 kwa 244. Micro-ATX iko na 244 kwa 244. Mini-ITX, ya kampuni VIA mwaka 2001, ni 170 kwa 170. Kwa kawaida sanduku la ATX linapokea zote tatu. Dogo halipokei kubwa.

Angalia pia alimentasyo, kile kifaa cha kugawa umeme ndani. Ya kawaida ya ATX, ukiipima kwa nyuma, ni milimita 150 kwa 86. Masanduku mengi membamba ya ofisi, yale yanauzwa okazyo, yanatumia umbo la kiwanda chao peke yake. Siku ikiungua, ya sokoni haiingii. Basi beba rula, pima mbele ya kulipa.

Hewa na unyevu

Hewa baridi iingie mbele, ya moto itoke nyuma na juu. Uso wenye matundu na chujio la kuosha unafaa kuliko kioo cha kupendeza. Bati jembamba linaanza kutu pale lilipokatwa. Ziba matundu ya nyuma yaliyobaki wazi, juu ya mende na sisimizi. Usiliweke chini sakafuni.

Sanduku la grafiki la nje

Hili linabeba kadi ya grafiki pembeni ya kompyuta ndogo ya kubeba, kwa wenye kufanya montaje ya video ao michezo. Razer Core ilitoka mwaka 2016 kwa dola 499. Core X ya mwaka 2018 ilianza kwa dola 299. Bei zote mbili ni bila kadi. Core X iko na urefu wa milimita 374, kimo 230 na upana 168, na alimentasyo ya wati 650.

Kompyuta yenyewe lazima iwe na Thunderbolt 3 ao ya juu yake. Tundu la USB-C peke yake halionyeshi kama iko nayo. Tafuta alama ya radi, kisha hakikisha kwa jina la modeli. Na waya ule unapunguza mwendo wa kadi, kuliko ingekuwa ndani ya sanduku la mezani.

Hesabu ya umeme

Kadi ya wati 200 ikifanya kazi saa 4, inakula wati-saa 800. Batri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 inaandikwa 1200, lakini kusudi isife haraka, tumia nusu tu, yaani 600. Kwa mwenye kutegemea sola, batri moja haitoshi, na kompyuta yenyewe haijahesabiwa.

Kwa hiyo, kwa kuchapisha barua, fotokopi na sauti za redio, kadi hiyo haihitajiki. Sanduku la ATX ao micro-ATX lenye alimentasyo ya kawaida linatosha. Liagize likiwa na vyombo vyake ndani, kwani sanduku tupu linalipishwa nafasi kwenye gari.