Habari ya Mpokezi Mmoja: Wahafidhina wa Marekani na Vita vya Iraq vya 2003

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, waumini wameamrishwa kuichunguza habari inayoletwa na fasiki kabla ya kuifanyia kazi, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua. Wafasiri wengi wanaeleza kuwa aya hii iliteremka katika kisa cha Walid bin Uqba, aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka kwa Bani Mustaliq. Watu wale walitoka kumlaki, yeye akaogopa, akarudi Madina akasema wamekataa kutoa zaka na wametaka kumuua. Ilibaki kidogo jeshi litoke. Kutokana na aya hii wanazuoni wa Hadithi na mafakihi wametoa msingi mkubwa wa elimu ya kuwachambua wapokezi: nani kasema, kamsikia nani, ni mwadilifu au si mwadilifu, na je, ana maslahi katika hayo anayoyasema?

Ndugu msomaji, maswali hayohayo ndiyo yanayonijia kila ninaporejea historia ya vita vya Iraq. Sisi tumezoea kuwataja waliovianzisha kwa jina moja tu, "wahafidhina wa Marekani", kana kwamba wote walikuwa na kauli moja. Haikuwa hivyo, na mwanafunzi wa historia hana budi kupambanua.

Lilikuwapo kundi lililoitwa wahafidhina mamboleo. Jarida lao, The Weekly Standard, lilianza mwaka 1995 chini ya William Kristol. Mwaka 1997 Kristol na Robert Kagan wakaanzisha taasisi ya Project for the New American Century, na tarehe 26 Januari 1998 watu 18 walitia saini barua yake kwa Rais Clinton wakitaka utawala wa Saddam Hussein uondolewe. Miongoni mwao walikuwa Donald Rumsfeld na Paul Wolfowitz, ambao miaka mitatu baadaye walishika Wizara ya Ulinzi. Yaani rai ya vita ilikuwa imeandikwa na kutiwa saini kabla ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Baada ya siku ile kilichotafutwa ni ushahidi.

Insafu inatutaka tuseme pia kwamba shaka juu ya Saddam haikuwa ya kubuni tu. Alikuwa dhalimu, na mwaka 1988 aliwaua Wakurdi wa Halabja kwa gesi ya sumu. Lakini kuwa mtu aliwahi kumiliki silaha fulani ni jambo moja, na kuwa anayo leo ni jambo jingine linalohitaji ushahidi wake.

Ushahidi wenyewe ulikuwaje? Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuwa Iraq ina maabara za sumu za vijidudu zilizofungwa juu ya malori. Chanzo kikuu cha habari hiyo kilikuwa mkimbizi mmoja wa Kiiraki aliyekuwa Ujerumani, aliyepewa jina la siri la Curveball. Taarifa zake, karibu 100, zilipitia kwa majasusi wa Kijerumani, na wale wa Marekani hawakupata nafasi ya kumhoji wenyewe kabla ya vita. Hebu mfikishie mwanafunzi wa mustalah isnadi hii! Mpokezi ni mmoja, hali yake haijulikani, ana maslahi katika kupokelewa kwake ugenini, na aliyeinukuu habari hakukutana naye. Mwaka 2011 mtu huyo alikiri hadharani kuwa alitunga. Habari nyingine, ya Iraq kutafuta madini ya urani Niger, iliporomoka hata kabla ya risasi ya kwanza: tarehe 7 Machi 2003 Mohamed ElBaradei wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki alilieleza Baraza hilohilo kuwa nyaraka zake hazikuwa za kweli. Vita vikaanza tarehe 20 Machi.

Jambo ambalo wengi wetu hatulikumbuki ni kuwa wapo wahafidhina waliokataa. Tarehe 15 Agosti 2002 Brent Scowcroft, aliyekuwa mshauri wa usalama wa taifa wa Bush mzee, aliandika katika Wall Street Journal kuonya dhidi ya kuivamia Iraq. Pat Buchanan na wenzake walianzisha jarida la The American Conservative mwaka huohuo kwa ajili ya kuvipinga vita. Bungeni, mwezi Oktoba, Warepublican waliopiga kura ya hapana walikuwa sita katika Baraza la Wawakilishi na mmoja tu katika Seneti. Hawa hawakuwa wapenzi wa Waislamu, na baadhi ya maneno ya Buchanan juu ya wahamiaji hatuwezi kuyakubali kabisa. Hoja yao ilikuwa maslahi ya nchi yao. Hata hivyo waliuliza swali lililopasa kuulizwa, na vita vilipokuwa vinaanza, David Frum aliwajibu baadhi yao katika National Review kwa makala iliyowaita wahafidhina wasio wazalendo. Badala ya kuchunguzwa mpokezi, akatiwa ila yule anayetaka achunguzwe.

Januari 2004 David Kay, aliyeongoza msako wa silaha hizo, aliliambia Seneti kuwa karibu wote walikosea. Francis Fukuyama, mmoja wa wale 18, alitoa kitabu mwaka 2006 cha kujitenga na wenzake. Wanajeshi wa Marekani waliokufa walikaribia 4,500, na raia wa Iraq, kwa hesabu za chini, walizidi 100,000.

Aya ile inamalizikia kwa kutaja majuto. Walter Jones, mbunge Mrepublican wa North Carolina, alipiga kura ya ndiyo mwaka 2002, na Machi 2003 alikuwa mbele katika kubadilisha jina la chipsi kwenye mkahawa wa Bunge ili kuwakomoa Wafaransa waliopinga vita. Mwezi uliofuata alihudhuria mazishi ya mwanajeshi mmoja, na taratibu akageuka, hata ilipofika 2005 alikuwa anavipinga waziwazi. Tangu hapo hadi alipofariki Februari 2019 alitia saini kwa mkono wake barua za rambirambi zaidi ya 10,000. Zilikwenda kwa familia za wanajeshi wa Marekani.