Kupima damu maabara binafsi: kipi kina faida, kipi ni kumaliza hela

Mtu anaingia maabara asubuhi, hana karatasi ya daktari, anasema anataka "kupima kila kitu". Anatolewa damu, analipa, na jioni majibu yanaingia kwenye simu, kurasa nne nzima. Kuna namba kama arobaini, na pembeni ya baadhi kuna herufi H au L zilizokolezwa wino. Usiku huo halali.

Vifurushi vya chekapu siku hizi vinauzwa karibu kila mji mkubwa, na si jambo baya. Kisukari aina ya pili, ugonjwa wa figo na homa ya ini B vinaweza kukaa mwilini miaka bila dalili yoyote, na kipimo cha damu ndicho kinachovitoa mafichoni. Tatizo ni kwamba kifurushi cha bei kubwa si lazima kiwe kizuri kuliko cha bei ndogo, na namba isiyoeleweka inaweza kumpeleka mtu kwenye dawa asizozihitaji.

H na L maana yake nini?

H ni juu ya kiwango, L ni chini ya kiwango. Kwa vipimo vingi, kiwango chenyewe hupatikana kwa kupima watu wengi wenye afya, kisha kuchukua asilimia 95 ya walio katikati. Asilimia 5 iliyobaki, ya juu na ya chini, inaachwa nje ingawa nao ni wazima.

Maana yake, katika kila watu 100 wenye afya njema, watano watapata H au L kwenye kipimo kimoja. Ukipima vitu 20 visivyotegemeana kwa mpigo, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya mstari ni karibu asilimia 64. Ndiyo sababu "kupima kila kitu" karibu lazima kulete herufi nyekundu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawaambiwi. Viwango vingi vinavyotumika kwenye mashine vilitengenezwa kwa kupima watu wa Ulaya na Marekani. Mfano mzuri ni chembe nyeupe za damu aina ya nyutrofili. Waafrika wengi kusini mwa Sahara wana tofauti ya kijeni inayoitwa Duffy, ambayo huwakinga na malaria aina ya vivax. Tofauti hiyo hiyo hufanya nyutrofili zionekane chache kwenye damu. Mtu ni mzima kabisa, haugui ovyo, lakini karatasi inasema L. Asipoelezwa, ataanza kuzunguka hospitali akitafuta ugonjwa wa damu.

Figo nazo zina kisa chao. Uwezo wa figo hukadiriwa kwa kanuni inayotumia kreatinini, umri na jinsia. Kwa miaka kadhaa kanuni moja maarufu kutoka Marekani ilikuwa inazidisha jibu la mtu mweusi kwa 1.159, yaani figo zake zinaonekana bora kuliko jibu lililokokotolewa bila nyongeza hiyo. Mwaka 2021 nyongeza hiyo iliondolewa. Kwa hiyo mtu mwenye majibu ya zamani akiona figo "zimeshuka" ghafla kwenye karatasi mpya, aulize kwanza kama kanuni ni ileile.

Vipimo vyenye faida kwa mtu asiyeumwa

Sukari ndiyo ya kwanza, hasa kwa aliyepita miaka 35 au 40, mwenye kitambi, mwenye presha au mwenye mzazi aliyeugua kisukari. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 au zaidi ni kiwango cha kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 bado si kisukari, ila taa ya njano imewaka. Kipimo cha HbA1c kinaonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, na 6.5 kwenda juu ni kiwango cha kisukari. Kama mtu hana dalili, jibu moja halitoshi. Hurudiwa siku nyingine kabla ya kumwambia mtu ana ugonjwa wa maisha.

Tahadhari kwenye HbA1c: inategemea chembe nyekundu, ambazo huishi siku 120 hivi. Mwenye selimundu, aliyeongezewa damu karibuni au aliyepungukiwa damu sana anaweza kupata jibu la kudanganya. Kwa hao, sukari ya kawaida ya asubuhi inaaminika zaidi.

Wenye ndugu Marekani wajue pia kuwa kule sukari huandikwa kwa kipimio tofauti. Shangazi akipiga simu akisema sukari yake ni 126, si kwamba anakufa. Gawanya kwa 18, unapata 7.0. Inahitaji daktari, lakini si ambulensi.

Kreatinini inafaa kwa wenye kisukari, wenye presha na wanaomeza diklofenaki kila mgongo ukiuma. Ila figo ni mvumilivu. Zinaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake na kreatinini bado ikasoma kawaida. Ndiyo maana kipimo cha protini aina ya albumini kwenye mkojo kinatakiwa kiende sambamba, na mara nyingi hakimo kwenye kifurushi kwa sababu tu jina la kifurushi ni "vipimo vya damu".

Homa ya ini B ni kipimo ambacho mtu mzima asiyewahi kukifanya angefaa akifanye. Chanjo yake kwa watoto wachanga ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania na Kenya, kwa hiyo watu wazima wengi waliipita. Jibu likiwa hasi, mtu anaweza kuchanjwa. Likiwa chanya, hurudiwa baada ya miezi sita kujua kama virusi vimebaki mwilini, na watu wa nyumbani nao wapimwe. Si kila mwenye virusi anahitaji dawa, lakini kila mmoja anahitaji kufuatiliwa ini lake.

Kingine ni selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Mtu anayebeba kinasaba kimoja haumwi, na anaweza kuishi hadi uzeeni bila kujua. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa mtoto kuzaliwa mgonjwa. Kipimo hiki hufanywa mara moja maishani, hakuna cha kurudia kila mwaka. Kwa wachumba kina thamani kuliko kifurushi chote cha dhahabu.

Picha kamili ya damu ni rahisi na inasaidia, hasa kwa wanawake wanaotoka hedhi nyingi. Kwa Shirika la Afya Duniani, upungufu wa damu ni chini ya 13 kwa mwanamume, chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, na chini ya 11 kwa mjamzito, japo kwa mjamzito mpaka huo hubadilika kidogo kulingana na umri wa mimba. Mafuta kwenye damu nayo yanafaa kupimwa kwa wenye umri mkubwa kidogo, wavutaji sigara na wenye kisukari.

Na presha? Haipo kwenye damu. Watu wanalipa pesa nyingi kwa kurasa nne za majibu na hawafungwi ule mkanda wa mkononi, ambao mara nyingi ni bure.

Taifodi: kipimo kinacholeta vurugu

Hakuna jibu linalotolewa kirahisi kama hili. Mtu ana uchovu, kichwa kinagonga, anapima, anaambiwa "una taifodi", mara nyingi na UTI juu yake. Anapewa antibayotiki. Mwezi ujao anarudi, bado ana taifodi. Wengine wanasema imekuwa sugu kwenye damu.

Kipimo kinachotumika sana ni Widal, kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1896. Hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza. Askari hao wanaweza kubaki muda mrefu baada ya ugonjwa kuisha. Wanaweza kuwepo kwa sababu ya chanjo, au kwa sababu ya bakteria wengine wanaofanana na wa taifodi, na hata malaria inaweza kuvuruga jibu. Katika eneo ambalo watu wengi wameshawahi kukutana na bakteria hao, mtu mzima asiye na homa anaweza kupima na kuambiwa anayo.

Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara, ambacho huchukua siku kadhaa, na kinatakiwa kichukuliwe kabla ya antibayotiki. Nacho hukosa baadhi ya wagonjwa. Lakini tofauti ni kubwa: kikisema yupo, bakteria mwenyewe ameonekana.

Madhara ya Widal si hela tu. Homa inayotibiwa kama taifodi inaweza kuwa malaria, kifua kikuu au VVU, na muda unapita. Antibayotiki zinazomezwa bila sababu zinafundisha bakteria kuzizoea. Asiyekuwa na homa hana sababu ya kupima Widal, na ikiwa imo kwenye kifurushi cha chekapu, hiyo peke yake inatosha kuuliza nani alikitengeneza.

Kipimo cha damu cha bakteria wa vidonda vya tumbo nacho ni ndugu yake. Kinapima kingamwili, kinaweza kubaki chanya hata baada ya kupona. Cha choo au cha pumzi ndivyo vinavyoonyesha kama bakteria yupo sasa.

Vipimo vya "viashiria vya saratani" kama CEA na CA-125 havikuundwa kumpima mtu mzima asiye na dalili. Hupanda kwa mambo mengi yasiyo saratani, na saratani inaweza kuwepo bila kupanda. Cha tezi dume, PSA, ni mazungumzo ya mwanamume na daktari wake kabla ya sindano, si baada ya jibu.

Kabla ya sindano

Kwa sukari ya asubuhi, mtu asile kwa saa 8 hadi 12. Maji ya kunywa ruksa. Chai ya rangi yenye sukari si maji. Kolesteroli haiyumbi sana kwa mlo mmoja, ila trigliseridi hupanda.

Mazoezi makali siku moja au mbili kabla yanaweza kupandisha kimeng'enya AST, na mtu akaambiwa ini lina shida wakati ni misuli. Sahani kubwa ya nyama inaweza kusogeza kreatinini juu. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini vinaweza kuharibu baadhi ya majibu ya tezi ya shingo, hivyo mtoa damu aambiwe. Dawa za miti shamba pia zitajwe, bila aibu.

Damu ikikaa mezani, sukari inashuka kwa sababu chembe zinaendelea kuila. Ndiyo maana damu ya sukari isiyopimwa papo hapo huwekwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu, yenye dawa ya kuzuia hilo. Damu iliyovunjika njiani nayo hupandisha potasiamu, na jibu hilo humtisha hata daktari.

Maabara ipi?

Tanzania, maabara binafsi husajiliwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Kenya kuna bodi ya mafundi na wataalamu wa maabara za tiba, KMLTTB. Cheti kinatakiwa kiwe ukutani, na mteja ana haki ya kukisoma. Zaidi ya usajili, kuna ithibati ya ISO 15189, ambayo inamaanisha wakaguzi wa nje wameangalia jinsi vipimo vinavyofanywa. Maabara ndogo nyingi hazina, na haimaanishi zote ni mbaya, ila yenye nayo ina kitu cha kuonyesha.

Kwamba jengo ni zuri si hoja. Kampuni ya Theranos ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2003, iliahidi vipimo vingi kwa matone machache ya damu ya kidoleni. Wawekezaji walimwaga mamilioni ya dola, na wateja wa kawaida walipimwa na kupewa majibu yasiyoaminika. Mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alikutwa na hatia ya kuwalaghai wawekezaji Januari 2022 na akahukumiwa zaidi ya miaka 11 jela mwaka huo huo. Anayetangaza kupima magonjwa mia kwa kushika chuma mkononi, bila hata tone la damu, anastahili kuulizwa maswali zaidi.

Majibu yakishatoka

H au L iliyovuka mstari kidogo tu, kwa mtu asiye na dalili, kwa kawaida hurudiwa baada ya wiki kadhaa, maabara ileile, saa ileile. Ugonjwa sugu wa figo, kwa mfano, hausemwi mpaka hali idumu miezi mitatu. VVU pia havithibitishwi kwa kipimo kimoja. Jibu la kwanza likionyesha, vingine hufuata kabla ya mtu kuambiwa, na kwenye vituo vya serikali huduma hiyo ni bure.

Kuna namba zisizosubiri. Himoglobini chini ya 7, sukari juu ya 11.1 pamoja na kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda, au potasiamu ya juu kwenye damu ambayo haikuvunjika: hizo ni za kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Karatasi isitupwe, na faili lisifutwe kwenye simu. Kreatinini ya 95 haisemi mengi ikiwa peke yake. Kwa mtu ambaye miaka miwili iliyopita alikuwa na 60, daktari ataivuta karibu na kuisoma mara ya pili.