Msaada na Sharti Katika Nchi za Karatu na Ngorongoro

Tangu kale mkono utoao umependa kuuliza kama mkono upokeao unastahili. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1834, ilimtaka maskini mwenye kuomba msaada aingie katika nyumba ya kazi, na maisha ya humo yakafanywa magumu kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliyekuwa nje, ili mtu asiingie ila kwa kushindwa. Wazo hilo lilivuka bahari pamoja na watawala. Katika Tanganyika ya Waingereza, wilaya iliyopatwa na njaa ilipelekewa nafaka, lakini aghalabu mwenye nguvu alipaswa kuilipa kwa kazi ya barabara, au kuihesabu kuwa deni la msimu ujao. Nyuma ya desturi hizi ilikuwapo hofu moja, kwamba maskini akipewa bure atalala. Hofu hiyo haikufa. Ilibadili mavazi tu. Namna ilivyoyabadili yaweza kusomwa katika wilaya mbili jirani za kaskazini ya Tanzania, Karatu na Ngorongoro, ambazo zilipata msaada wa namna moja ilhali hali zake ni mbali mbali.

Msaada wenyewe ulikuja kwa njia ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ujulikanao na watu wote kwa jina la TASAF. Mfuko huo ulianza mwaka 2000, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusaidia vijiji kupata madarasa, zahanati na maji. Mwaka 2010 ulijaribu jambo jipya katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, nalo ni kuwapa maskini fedha mkononi kwa sharti, kama ilivyokwisha kufanywa Mexico tangu 1997 na Brazil tangu 2003. Mwaka 2012 ukaanzishwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao kwa miaka michache ulifikia kaya zipatazo 1,100,000. Mkutano wa kijiji ulitaja walio hohehahe, kisha majina yakachujwa kwa maswali ya dodoso.

Katika awamu hiyo kaya iliyoandikwa ilipewa ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na shilingi 4,000 zaidi ikiwa na watoto. Juu ya hizo zilikuwapo fedha za sharti: 2,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi, 4,000 kwa mtoto wa sekondari ya chini, na 4,000 kwa kaya yenye mtoto mchanga apelekwaye kliniki. Mwanafunzi alitakiwa kuhudhuria siku 80 katika kila siku 100 za masomo. Kadhalika kulikuwa na ajira za muda, ambamo mtu mmoja wa kaya alifanya kazi za kijiji, kama kuchimba lambo au kutengeneza njia, kwa shilingi 2,300 kwa siku.

Uzito wa adhabu hupimwa kwa hesabu ndogo. Kaya yenye watoto wawili wa shule ya msingi, isiyo na jingine, ilistahili shilingi 18,000 kwa mwezi. Na kwa kuwa malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili, ilipokea 36,000. Watoto wale wakipungukiwa na mahudhurio, fedha zao zikikatwa, mama alirudi na 28,000. Kwa mwenye mshahara shilingi 8,000 ni kitu cha kusahaulika. Kwa mtu aliyechaguliwa na kijiji kizima kuwa ndiye mwenye dhiki kuliko wote, ni chakula cha siku kadhaa.

Insafu yataka isemwe kwamba mpango huu ulileta kheri. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya tatu za majaribio ulionyesha kuwa waliopokea fedha walijiunga zaidi na bima ya afya, walifuga zaidi mbuzi na kuku, na waliwanunulia watoto wao viatu. Haya si matendo ya watu waliolala. Aidha, serikali ilikuwa na haki ya kulinda mali ya umma. Uhakiki uliotangazwa mwaka 2020, awamu ya pili ilipozinduliwa, uliondoa zaidi ya kaya 70,000 zilizoandikwa bila kustahili. Lakini kumtoa mwizi ni jambo moja, na kumkata maskini wa kweli kwa sababu ya siku alizokosa mtoto wake ni jambo jingine. La kwanza ni ulinzi. La pili ni hukumu, na hukumu yahitaji kujua sababu.

Hapo ndipo tofauti ya wilaya mbili inapoonekana. Karatu ni nchi ya jembe. Wairaqw hulima huko mahindi, ngano na mbaazi, na katika bonde la Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, vitunguu hunyweshwa kwa mifereji. Mkulima hufungwa na shamba lake, naye mtoto wake, hata akiitwa kuvuna, hulala nyumba ile ile jana na leo. Lakini ukipita lango la Lodoare uingiapo katika Hifadhi ya Ngorongoro, yenye eneo la kilometa za mraba 8,292, unaingia nchi ambayo jembe limekatazwa. Wamaasai na Wadatoga wa huko huishi kwa ng'ombe, na ng'ombe hufuata maji na majani. Ukame ukija, boma hugawanyika au huhama. Daftari la shule huhesabu kuwapo na kutokuwapo. Ukame hauna safu yake humo.

Tena, umaskini wa mfugaji wa Ngorongoro hauwezi kuelezwa kwa mvua peke yake, kwa maana nao ulitokana na mapatano yenye masharti. Mwezi Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia alama zao katika mapatano ya kuiacha Serengeti ya magharibi ili iwe hifadhi ya wanyama. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya Ngorongoro, ambamo watu na wanyama wangekaa pamoja, na Agosti 1959 Gavana Richard Turnbull aliliambia baraza la Wamaasai kwamba haja za watu na za wanyama zikigongana, za watu zitatangulia. Wahenga wamesema, ahadi ni deni. Deni hili halikulipwa sawasawa. Katika miaka ya 1970 wakazi wa ndani ya Kreta waliondolewa, na mwaka 1975 sheria ilikataza kilimo katika eneo lote. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela aliruhusu bustani ndogo za jembe la mkono, kwa kuwa njaa ilikuwa imeonekana wazi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 ruhusa hiyo nayo ikakoma.

Ukame wa 2008 na 2009 uliua mifugo mingi kaskazini ya nchi, na katika miaka ya 2012 na 2013 njaa ya Ngorongoro ikawa habari ya taifa zima, hata serikali ikapeleka mahindi. Nafaka ile iliokoa watu, na aliyeitoa astahili shukrani. Walakini iliitwa msaada, na jina hilo lilificha nusu ya habari. Mtu aliyekatazwa kulima, na ambaye ng'ombe wake wamezuiwa malisho ya zamani, akipewa gunia la mahindi hapewi zawadi tupu; anarudishiwa sehemu ya alichoacha ili wanyama wapone na watalii waje.

Kuanzia 2022 jambo likazidi uzito. Juni ya mwaka huo kundi la kwanza la wakazi liliondoka kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, ambako serikali ilijenga nyumba na kugawa mashamba. Serikali ilisema kuhama ni hiari. Wakazi wengi, na mashirika ya haki za binadamu pamoja nao, walisema kuwa huduma za shule na tiba zilipunguzwa ili hiari hiyo ipatikane. Agosti 2024 maelfu walijitokeza barabarani kudai vijiji vyao na haki ya kupiga kura mahali walipo. Na Desemba, Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wao Arusha akaahidi tume mbili za kuchunguza. Vyovyote vile tume ziamuavyo, swali la sharti limesimama: ikiwa mama ataadhibiwa mtoto asipofika kliniki, ni nani ataadhibiwa kliniki isipomfikia mtoto?

Njia nyingine zipo, wala hazitoki mbali. Kenya, katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, nchi za wafugaji kama Ngorongoro, mpango wa kuzuia njaa umewapa maskini fedha bila sharti la shule wala kliniki. Na ukame ukizidi, kama uonekanavyo kwa picha za majani zipigwazo kutoka angani, malipo ya dharura hupelekwa kwa kaya nyingine nyingi zisizo katika orodha ya kila siku. Hapo ukame una safu yake katika daftari. Zanzibar nayo, tangu Aprili 2016, ilianza kumpa kila mzee aliyefika miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumwuliza ni maskini kiasi gani wala amefanya nini. Wazee hao hawakuonekana kuharibika kwa kupewa.

Haifuati kwamba kila sharti ni dhuluma. Mtoto kusoma ni jambo jema, na mzazi kukumbushwa si kuonewa. Lakini sharti ni mapatano, na mapatano yana pande mbili. Huko Karatu, ambako shule ipo na nyumba haihami, sharti laweza kuwa ukumbusho. Huko Ngorongoro, ambako upande mmoja umetoa Serengeti, Kreta na jembe, na upande wa pili haujatimiza ahadi yake ya 1959, sharti lile lile huwa adhabu juu ya adhabu. Historia ya miaka zaidi ya 60 yaonyesha kuwa maskini wa nchi hiyo ametimiza masharti mengi kuliko aliyoyatimiziwa. Kabla shilingi 2,000 za mtoto wake hazijakatwa, lifunguliwe kwanza daftari la zamani, ihesabiwe ni nani aliyekosa kuhudhuria.