Somo la Historia: Walinzi Watatu wa Msitu wa Chitwan

Leo tunakwenda Nepal, nchi iliyo kati ya Bara Hindi na China. Wengi huijua kwa milima yake ya theluji. Lakini upande wa kusini liko bonde la joto liitwalo Chitwan. Humo wanaishi vifaru wa pembe moja, chui milia, na mamba wembamba wa midomo mirefu walao samaki.

Bonde hili lina heshima pia. Mahali paitwapo Devghat mito miwili inakutana na kuwa mto Narayani. Kila mwezi wa Januari Wahindu wengi huenda kuoga hapo, na wazee wengine huhamia huko wamalize siku zao. Na ndani ya msitu kuna mahali ambapo watu huamini aliishi Valmiki, mtunzi wa Ramayana.

Je, nani aliulinda msitu huo?

Mlinzi wa kwanza alikuwa mbu. Malaria ilikuwa kali, na wageni waliogopa kukaa. Waliolima humo ni Watharu hasa, waliozoea homa ile. Watawala walikuja wakati wa baridi tu, kuwinda. Mwaka 1911 mfalme George wa Tano wa Uingereza alialikwa huko. Kwa siku chache chui milia 39 na vifaru 18 waliuawa.

Katika miaka ya 1950 serikali ilianza kupiga dawa ya DDT. Mbu wakapungua, na watu wa milimani wakashuka kutafuta mashamba. Lilikuwa jambo jema: watoto hawakufa tena kwa homa kama zamani. Lakini miti ilikatwa, na wawindaji haramu wakaingia. Vifaru walikuwa kama 800. Mwisho wa miaka ya 1960 walibaki kama 100.

Mlinzi wa pili ni sheria. Mwaka 1973 Chitwan ikawa mbuga ya taifa ya kwanza ya Nepal, ikalindwa na askari. Vifaru wakaongezeka. Lakini vijiji vingine vilihamishwa, na wanakijiji wakazuiwa kukata kuni na nyasi watakavyo. Usiku kifaru akavuka mto akala mpunga wao. Ndugu msikilizaji, wewe ungempenda mnyama alaye chakula cha wanao?

Mlinzi wa tatu ni jirani. Tangu 1996, kwa kanuni za serikali, asilimia 30 mpaka 50 ya mapato ya mbuga hurudi kwa vijiji vinavyoizunguka. Mwaka 2021 vifaru walihesabiwa Chitwan: walikuwa 694.

Mbu alilinda kwa ugonjwa, sheria kwa bunduki. Jirani hulinda akipata haki yake.

Maswali:
1. Kwa nini wageni hawakukaa Chitwan zamani?
2. Dawa ya mbu ilileta faida gani, na hasara gani?
3. Msitu wa kwenu unalindwa na nani? Jadilianeni.